Kipande cha Nyama na Safari Yake

Historia ya saratani Afrika Mashariki husimuliwa kwa majina ya madaktari. Ukiifuata kwa njia ya kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe, utaiona vingine.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Aliandika kuhusu ugonjwa huo mwaka uliofuata, lakini waliobaini kuwa ni saratani ya limfu ni wataalamu wa patholojia wa palepale Mulago, kwa hadubini yao. Jibu lilipatikana karibu na kitanda cha mgonjwa.

Chanzo chake kilitafutwa mbali. Anthony Epstein alipokea sampuli kwa ndege jijini London. Desemba 1963 ukungu uliipeleka ndege moja Manchester, na sampuli ikachelewa kumfikia. Maji yake yalikuwa yamechafuka kama yameoza. Alipoyachungulia, akakuta seli hai zinaelea. Kwa seli hizo, mwaka 1964, yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kirusi ambacho leo huitwa Epstein-Barr.

Kuchelewa kule kuliinufaisha sayansi. Kwa mgonjwa wa Runzewe, wilayani Bukombe, kuchelewa ni uvimbe unaoendelea kukua. Rufaa yake huelekea Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Kwa miaka mingi waliopitia Geita walisubiri kivuko cha Kigongo–Busisi, hadi Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025.

Anayechora maabara ya saratani hufikiria vyumba kwa kufuata kazi: sampuli ipokelewe, ikaushwe maji, igandishwe kwenye nta, ikatwe vipande vyembamba kuliko unywele, ipakwe rangi, isomwe. Hufikiria pia mvuke wa formalini utatokea wapi, meza isiyotikisika, na umeme usiokatika.

Lakini chumba cha kwanza cha maabara hiyo kiko Runzewe, pale nyama inapokatwa. Je, formalini ipo? Nani anaandika jina kwenye kichupa? Sampuli inapanda gari gani, na majibu yanarudi kwa nani? Nyama iliyochelewa kutiwa formalini huharibika, na hadubini mpya ya Mwanza haiwezi kuirudisha ilivyokuwa.