Nguzo Zinazogusana: Histogramu Ilikotoka

Mwaka 1662 mfanyabiashara wa London, John Graunt, muuzaji wa vifungo na nyuzi, alichapisha kitabu kuhusu vifo vya mji wake. Alitegemea taarifa za kila wiki za makarani wa parokia, zilizotaja idadi ya waliokufa na maradhi yaliyowaua. Umri haukuandikwa, kwa hiyo Graunt akaukisia. Alijumlisha vifo 229,250 vya miaka 20, akatenga maradhi yanayoua watoto wadogo, akakadiria kwamba kati ya watu 100 wanaozaliwa, 36 hufa kabla ya kutimiza miaka 6. Waliobaki akawagawa kwa miaka kumi kumi: 24 hufa kati ya miaka 6 na 16, wengine 15 katika kumi inayofuata, kisha 9, 6, na kuendelea kupungua hadi wanakwisha.

Graunt hakuchora chochote. Lakini anayetaka kulichora jedwali hilo leo atakutana na mtego uleule unaowanasa wanafunzi wa sekondari kila mwaka, kwa sababu kundi la kwanza lina upana wa miaka 6 na la pili miaka 10. Mwenye haraka atasimamisha nguzo ya 36 kando ya nguzo ya 24, na picha yake itadanganya. Gawanya kwanza: 36 kwa 6 ni vifo 6 kwa kila mwaka wa umri, 24 kwa 10 ni 2.4. Nguzo ya watoto inatakiwa kuwa ndefu mara mbili na nusu ya jirani yake, wala si mara moja na nusu. Katika histogramu idadi hukaa kwenye eneo la nguzo. Urefu peke yake hautoshi.

Nguzo zenyewe zilikuja baadaye. Mwaka 1786 William Playfair alichora biashara ya Scotland na nchi mbalimbali, kila nchi na nguzo zake. Hizo zilikuwa nguzo za majina, na majina unaweza kuyapanga upendavyo. Vipimo haviruhusu hivyo. Mwaka 1846 Mbelgiji Adolphe Quetelet alichambua vipimo vya vifua vya askari wa Scotland zaidi ya 5,700, vikiwa vimepangwa kwa inchi. Askari aliyeandikiwa inchi 38 huenda kifua chake kilikuwa 37.8, au 38.3. Kundi la 38 basi huanzia 37.5 na kuishia 38.5, pale pale linapoanzia la 39. Hapo ndipo nguzo zinapogusana, na anayeziachia nafasi anadai kuna vipimo visivyowezekana.

Jina la histogramu lilitolewa na Karl Pearson katika mihadhara yake ya Gresham College, London, mwaka 1891. Miaka michache baadaye mwenzake, W. F. R. Weldon, alimletea kaa. Weldon alikuwa amepima kaa jike 1,000 wa Naples, na katika kipimo kimoja, upana wa paji la uso ukilinganishwa na urefu wa mwili, takwimu ziliegemea upande mmoja badala ya kupanda na kushuka sawasawa. Vipimo vilikuwa katika makundi 29. Pearson alishuku kwamba ndani ya mkunjo huo mmoja kulikuwa na mikunjo miwili, yaani aina mbili za kaa zilizochanganyika, na mwaka 1894 akaitenganisha kwa mlinganyo wa kipeo cha tisa, bila kompyuta. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku histogramu ilipoacha kuwa pambo la ripoti: umbo lake lilizua swali ambalo wastani usingelizua kamwe.

Lakini kwa nini makundi 29? Mengi mno, nguzo hurukaruka ovyo. Machache mno, umbo hufunikwa. Mwaka 1926 Mmarekani Herbert Sturges alipendekeza kanuni: zidisha logi ya idadi ya vipimo kwa 3.322, ongeza 1. Wapinzani hawakukosekana. David Scott alitoa kanuni yake mwaka 1979, Freedman na Diaconis ya kwao mwaka 1981, zote zikianza na upana wa kundi. Hata hivyo programu ya takwimu ya R, usipoiagiza vingine, bado huanza na Sturges. Kwa hesabu yake, kaa 1,000 wa Weldon wangetengewa makundi 11 tu.