Ng'ombe na Watu Chini ya Paa Moja: Desturi ya Ayalandi ya Magharibi

Katika Donegal na Mayo, hata karne ya 19, maskini wengi walilala nyumba moja na ng'ombe wao. Nyumba ilikuwa chumba kimoja kirefu: upande wa juu moto na watu, upande wa chini ng'ombe, na kati yao mfereji wa kutolea samadi. Wazee walinena kwamba ng'ombe auonaye moto huzidisha maziwa. Wala si upuuzi mtupu, maana mnyama apataye joto hutosheka kwa majani machache. Tena siagi yake ndiyo iliyolipa kodi ya shamba. Wakati wa joto wasichana waliwapeleka milimani, wakakaa vibandani wakikama na kusuka maziwa. Kambi hiyo huitwa buaile.

Wageni waliiita desturi hii uchafu. Hawakuuliza mpangaji ajenge zizi kwa faida ya nani, iwapo kabla ya sheria ya mwaka 1881 wengi waliweza kupandishiwa kodi au kufukuzwa. Baadaye ng'ombe walitolewa, ukuta ukajengwa penye mfereji, na upande wa chini ukawa chumba cha kulala.