Ufuatiliaji wa Saratani

Ufuatiliaji wa magonjwa ni kazi isiyokatika ya kukusanya taarifa za wagonjwa, kuzichambua na kuzifikisha kwa wenye uwezo wa kuchukua hatua. Kufuatilia jambo ni kulifuata hadi mwisho wake ujulikane, kwa hiyo istilahi hii inafaa kuliko "upelelezi", unaonuka polisi, au "uangalizi", unaoweza kuishia kwenye kutazama tu.

Kwa saratani, chombo cha kazi hiyo ni rejista. Wapo wanaopenda "daftari", neno ambalo Mtanzania amelizoea katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Mfano huo una kasoro: mpiga kura hujiandikisha mwenyewe, ilhali mgonjwa wa saratani huandikishwa na waliomtibu, na kwa kawaida haombwi ridhaa. Bila sheria, daktari anayepeleka jina la mgonjwa wake kwenye rejista angekuwa anavunja siri.

Nchini Marekani sheria hiyo hutungwa na kila jimbo. Rejista ya jimbo la Connecticut, kwa mfano, ilianza mwaka 1941. Mwaka 1992 Bunge la nchi lilipitisha sheria ya kuyapa majimbo fedha za rejista, kwa masharti: jimbo lilazimishe hospitali na madaktari kutoa taarifa, lilinde siri za wagonjwa, na limkinge na mashtaka anayetoa taarifa kwa mujibu wa sheria.

Sheria za namna hii huchakaa, kwa sababu tiba na vipimo havisimami. Iliyotaja hospitali peke yake humkosa mgonjwa aliyepimwa maabara na kutibiwa kliniki bila kulazwa hata siku moja. Maana ya kinachoandikwa nayo hupanuka: sheria ya Marekani ya mwaka 2002 iliongeza uvimbe wa ubongo usio saratani, ukaanza kukusanywa mwaka 2004, kwani ndani ya fuvu hata uvimbe huo unaweza kuua. Neno "saratani" katika jina la rejista likawa jembamba kuliko yaliyomo.

Wajibu wenyewe wa kuripoti mgonjwa waweza kuitwa "taarifa ya lazima". "Tahadhari" ingepotosha, kwa kuwa inadokeza haraka. Kipindupindu hutolewa taarifa haraka ili kuzuia maambukizi. Saratani kwa kawaida hupewa miezi sita, ili kumbukumbu ibebe pia hatua ya ugonjwa na matibabu ya kwanza.