Gari Bila Paa: Historia ya Msumeno na Chasi

Wandugu, wengi wetu tunadhani gari la wazi ni mchezo wa matajiri wa Marekani. Mtu anapata Ford au Chevrolet ya zamani, anaiingiza nyuma ya nyumba, anakata paa, basi, upepo unapita. Lakini ukifuata historia, gari lilizaliwa bila paa. Ford Model T, iliyoanza mwaka 1908, iliuzwa miaka mingi ikiwa wazi, na turubai tu la kukunja. Gari lililofunikwa lilishinda katika miaka ya 1920. Kwa hiyo anayekata paa anarudisha gari utotoni.

Kwetu Afrika Mashariki Ford hizo zilikuja na vita. Mwaka 1916 na 1917 Waingereza walizitumia kubeba chakula na risasi wakimfukuza von Lettow-Vorbeck. Mvua ikinyesha, matope yanameza magurudumu, mzigo unarudi kichwani mwa mtu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao. Wabelgiji nao waliingia Rwanda mwaka huohuo 1916, wakitegemea wapagazi.

Mwaka 1940, huko Misri, Ralph Bagnold aliunda kikosi cha doria ya jangwani. Walichukua malori ya Chevrolet, mafundi wakakata kabini na kutoa milango. Sababu ilikuwa kupunguza uzito, na askari aweze kuona na kupiga risasi pande zote. Halafu amani ikaja, na ukataji ukaendelea. Filamu ya Hatari!, iliyotoka 1962, ilipigwa Tanganyika karibu na Arusha. Ndani yake watu wanakimbiza vifaru na twiga kwa magari ya wazi. Hata leo magari ya watalii yana paa la kuinuka ili mgeni aone simba.

Wakubwa pia walilipenda. Juni 1960, Léopoldville, Mfalme Baudouin alikuwa amesimama kwenye gari la wazi, Ambroise Boimbo akachomoa upanga wake mbele ya watu wote. Novemba 1963, Rais Kennedy aliuawa Dallas akiwa ndani ya Lincoln ya wazi. Baadaye gari hilohilo likawekewa paa la kudumu, likarudi kazini. Majina ya waliopanda tunayajua. Ya waliokata na kuchomelea, nani anayakumbuka?

Na kazi yao si ndogo. Gari nyingi za zamani za Marekani zina chasi yake chini, bodi imefungwa juu kwa bolti. Ukitoa paa, chasi bado inabeba. Gari nyingi za siku hizi hazina chasi ya namna hiyo: bodi yenyewe ndiyo mifupa, na paa ni mfupa mmoja. Ukikata ovyo, gari linalegea katikati na milango inakataa kufunga. Fundi mwenye akili anaanza kwa kuchomelea vyuma vya kushikilia nafasi za milango, anaimarisha kingo za chini, anapima pande zote, ndipo anashika msumeno. Lincoln Continental ya 1961 haikuwa na chasi ya pekee. Ya wazi iliongezewa vyuma chini mpaka ikapita tani 2.

Hapa Nyamyumba, kando ya ziwa, ambako malori ya kiwanda cha bia yanapita, habari hii si ya mbali. Kwa wengi tuliotoka Kongo, gari la wazi si starehe. Ni kamioneti yenye askari nyuma, au ile tuliyopanda na magodoro na watoto, shitingi juu. Chini ya yote kuna chuma kilichokatwa na kuungwa na mtu fulani. Kikiungwa vibaya, watu wanakufa barabarani bila risasi.

Ndiyo maana nawaambia ndugu zetu wa mashirika: mafunzo ya uchomeleaji yasiishie kwenye madirisha na vitanda. Mfundisheni kijana kupima mzigo, kujua chuma kipi kinabeba na kipi kinafunika tu. Na wewe kijana, kabla ya kukata chochote, inama kwanza uangalie chini.