Sidi si sanduku la milele: Jinsi ya kuhifadhi nakala za faili

Wengi wanaoweka nakala za faili zao kwenye sidi huamini kuwa kazi imekwisha pindi kompyuta inapoitema sidi hiyo. Imani hiyo imewapotezea watu picha za arusi na hesabu za biashara.

Sidi ya muziki iliyotengenezwa kiwandani na ile inayorekodiwa nyumbani hufanana kwa sura tu. Ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka wa 1982, hubeba habari zake katika vishimo vidogo mno vilivyogandamizwa kwenye plastiki. Ya pili ina utando wa rangi ambao huunguzwa kwa mwale wa leza ili kuacha alama. Rangi hiyo ndiyo udhaifu wake, kwani jua, joto na unyevu huichujua. Ajabu ni kwamba watu hulinda upande wa chini unaong'aa na kusahau wa juu. Kwenye sidi, tabaka linaloakisi mwanga limefunikwa upande wa juu kwa vanishi nyembamba tu. Kalamu yenye ncha kali ikilikwaruza, data ya hapo haiponi. Kwenye DVD, tabaka hilo limebanwa katikati ya plastiki.

Sidi hubeba takriban megabaiti 700, DVD gigabaiti 4.7 na Blu-ray ya tabaka moja gigabaiti 25. Faida yao kuu ni kuwa aina isiyofutika haiwezi kuandikwa upya, hivyo virusi vya kompyuta haviwezi kubadilisha kilichomo.

Programu nyingi za kurekodi zinaweza kulinganisha nakala na faili za asili. Hatua hiyo huchukua dakika chache, na ndiyo inayorukwa zaidi. Inafaa pia kurekodi nakala mbili na kuiweka moja katika nyumba nyingine, kwani moto hauchagui rafu.

Hata hivyo, kompyuta nyingi mpya za mkononi hazina tena sehemu ya kutia sidi, na kampuni ya Sony ilikomesha utengenezaji wa Blu-ray za kurekodi Februari 2025. Aliye na sidi za miaka ya 2000 kabatini anashauriwa kuzihamishia kwenye diski kuu ya nje wakati vifaa vya kuzisoma vingali vinauzwa, akianza na za zamani zaidi. Inayokataa kufunguka kwenye kifaa kimoja isitupwe upesi, kwani kingine huenda kikaisoma.