Asili ya Itifaki

Msomaji, ukihudhuria mkutano wa hadhara Witeithie, kati ya Ruiru na Thika, au penginepo nchini Kenya, yamkini utamsikia msemaji akianza hivi: "Itifaki imezingatiwa." Kwa maneno mawili hayo wakubwa wote wameamkiwa kwa vyeo vyao pasipo kutajwa mmoja mmoja. Wengi huyasema, wachache hujiuliza maana yake.

Waingereza huita jambo hilo "protocol", neno lililotoka katika Kiyunani: "protos" ni -a kwanza, na "kolla" ni gundi. Hapo kale lilikuwa jina la ukurasa wa kwanza uliogandishwa mwanzoni mwa hati ya mafunjo. Katika karne ya 6 Kaisari Justinian aliwakataza waandishi wa hati wa Constantinople kuukata ukurasa huo, kwa kuwa alama zake zilisaidia kutenga hati ya kweli na ya kughushi. Basi mwanzo wa neno hili haukuwa fahari, bali ulinzi wa haki.

Baadaye, kwa njia ya Kilatini na Kifaransa, neno likapata maana ya utaratibu wa mabalozi. Utaratibu huo ulihitajiwa sana. Mwaka 1661, mjini London, watu wa balozi wa Ufaransa na wa Hispania walipigania gari la nani litangulie, hata wengine wakauawa. Mwaka 1815, huko Vienna, ilikubaliwa kwamba mabalozi wa daraja moja wafuatane kwa tarehe ya kutangazwa rasmi kufika kwao, wala si kwa nguvu za wafalme wao.

Neno letu lina asili nyingine. Itifaki ni Kiarabu, maana yake mapatano. Ndugu zake ni mwafaka na kuafikiana. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, imeitwa hivyo kwa maana hiyo ya asili.

Jina Witeithie, kwa Kikikuyu, humwambia mtu aisaidie nafsi yake. Lakini watu wengi hawawezi kujiinua pamoja wasipopatana kwanza nani aseme, nani asikilize, na nani ashike fedha. Kwa hiyo, msomaji, usikiapo kwamba itifaki imezingatiwa, jiulize: Wakubwa wameamkiwa, je, aliyeketi nyuma naye atapata zamu ya kusema? Akiipata, neno limetimia. Akiikosa, imezingatiwa adabu tu, na mapatano yameachwa mlangoni.