Kupanga upya msimbo

Istilahi ya rifaktoringi ilienea sana baada ya kitabu cha Martin Fowler cha mwaka 1999. Maana yake ni kubadili muundo wa ndani wa programu huku kazi inayoifanya ikibaki ileile. Ni rahisi kuiita "kurekebisha" au "kuboresha", lakini maneno yote mawili yanapotosha: anayerekebisha amekuta kasoro, na anayeboresha anaahidi jambo jipya. Mimi nashika "kupanga upya msimbo", kwa sababu apangaye upya haongezi wala hapunguzi.

Sharti hilo lina uzito wa pekee katika majaribio ya GDB, kitatuzi cha programu alichokianzisha Richard Stallman mwaka 1986. Majaribio hayo hujiendesha yenyewe. Skripti za lugha ya Tcl, chini ya mfumo wa DejaGnu, hukipelekea kitatuzi amri, husoma majibu yake, kisha huamua kama jaribio limefaulu. Zamani skripti nyingi zilirudia hatua zilezile, zilizonakiliwa neno kwa neno: funga kitatuzi, kiwashe tena, weka upya saraka, pakia programu. Siku hizi hatua hizo zimekusanywa katika utaratibu mmoja uitwao clean_restart, na skripti huuita kwa mstari mmoja tu. Namna ya kuwasha GDB ikibadilika, panaguswa mahali pamoja.

Sasa ugumu. Programu ya kawaida ikipangwa upya, majaribio yake ndiyo yatakayosema kama imeharibika. Yakipangwa upya majaribio yenyewe, nani atayajaribu? Hapo hutegemewa faili la gdb.sum, linaloorodhesha kila jaribio kwa jina na tokeo lake: PASS likifaulu, FAIL likishindwa. Orodha ya kabla hulinganishwa na ya baada. Kutafuta neno FAIL hakutoshi hata kidogo. Skripti iliyokatika mapema kimyakimya haitaandika FAIL yoyote, ila PASS zitapungua, na asiyezihesabu ataamini kazi imekwenda salama. Jina la jaribio likibadilika nalo, ulinganisho utaona jaribio moja limetoweka na jingine geni limeingia. Kwa hiyo katika msimbo wa aina hii majina nayo yasiguswe wakati wa kupanga upya. Ikibidi kuyabadili, yabadilishwe kwa hatua yake, peke yake, ili mkaguzi aone wazi kilichohama.